Hodi ya Nne

Mwalimu,

Assalamu alaykum. Najua hutojibu, au utajibu na mie nisisikie, na hapo ndo penye mgogoro wangu na wewe tangu ile Jumatano: nani alijibu na nani hakusikia. Tutafika huko. Safari hii usinikate njiani.

Nakuandikia nipo barazani kwako Kengeja, upande wangu, ule wenye ufa. Upande wako sijakaa. Shemeji yako Shaame duka lake si lipo hapo mbele, basi akimpimia mtu mchele jicho moja liko kwenye mizani, jingine liko kwangu. Watu wanakuja na karatasi zao kutaka kuandikiwa barua kama zamani, wakiniona niko peke yangu wanasimama, wananisalimia vizuri, halafu wanakumbuka wana haja nyengine. Nshajua kuna mtu anasema maneno. Na nshajua ni nani.

Siku tunakuzika nilishika jembe la kufukia. Kila mtu anashika, anatupia kidogo, anampa mwenzake. Mie nilivuta mara mbili tu, Shaame akanichukulia mkononi. Labda aliona nimechoka. Labda. Lakini siku ya tatu, khitma imekwisha, watu wanakunywa chai, akaniita pembeni: "Marehemu kaacha kauli. Ile kalamu yake wewe usiiguse." Nikamuuliza kauli hiyo kaambiwa nani. Akasema dada yake, Bi Mize. Mie nikamuulize vipi Bi Mize? Mjane yuko ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na mie si maharimu wake, ni kijana wa watu tu aliyekuwa akija kusoma kwa mumewe. Kwa hiyo neno lote lililotoka mdomoni mwako kwenda kwa mkeo, likitaka kunifikia mie, lilikuwa lazima lipite dukani kwa Shaame. Na wewe ndo uliyenifundisha, karani mzima wa mahakama: neno likipita kwa mtu wa tatu, pekua mifuko yake.

Miezi minne na siku kumi nimekaa na kauli ile. Nalala nayo, naamka nayo. Sikuwa nataka kalamu, Mwalimu. Nilikuwa nataka kujua umekufa una radhi na mie au huna.

Sasa nikusimulie lile la Sharifa, maana wewe ulilisikia kwa watu. Kwangu hukulisikia, hukunipa nafasi.

Ulikuwa umekwenda mjini Chake kupimwa presha. Mie niko hapa nafuta vumbi kamusi lako lisilo jalada. Akaja Sharifa, yule binti wa Chokocho anayetandika vitanda kwenye hoteli ya watalii. Ana barua mkononi. Kiingereza. Hoteli inamtia hatiani kwa disrespect, kumvunjia mgeni heshima, ana siku tatu za kujieleza kwa maandishi, akishindwa kazi hana.

Nikamwambia, "Kwani umemfanya nini mzungu wa watu?"

Akasema, "Nimekula chakula chake."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Anapita na mashuka yake, mgeni kakaa mezani nje anakula, mzee wa heshima tu na mkewe. Mgeni kajifunza Kiswahili, anakijaribu kwa kila mtu. Kamuona Sharifa, kanyoosha mkono kwenye sahani, kamwambia, "Karibu." Sharifa akasimama. Sasa wewe unajua sie tulivyolelewa. Mtu anakula, kakukaribisha, ukimpita mkavu kama hukusikia, umemfanyaje? Basi akaweka mashuka kitini, akanawa kwenye bomba la pembeni, akasema bismillahi, akachukua kipande kimoja cha samaki na kipande cha mkate, akala pale pale amesimama, akasema, "Ahsante, Mungu akuzidishie," akachukua mashuka yake akenda zake. Anasema alikuwa anaona kafanya jambo la adabu sana, hata akamsimulia mwenzake jikoni kuwa mzungu yule kalelewa.

Jioni barua.

Alivyomaliza kusimulia mie kichwa kinachemka. Unanijua. Lile neno mie nalijua kuliko wewe, samahani, lakini ndo kweli. Wewe umelijua kwenye majalada ya mahakama, mie nimelijua kwenye simu. Nimejifunza Kiingereza kwa video, kwa watu wanaogombana, kwa wachezaji mpira wanaohojiwa na jasho likiwatoka. Huko disrespect ni neno la mtu ambaye hana kitu isipokuwa jina lake. Mtu kakanyagwa, anasimama, anasema umeni-disrespect, na hapo hapo watu wanakaa sawa. Mie nilipenda neno hilo. Niliona ni silaha ya mnyonge.

Kisha nikakumbuka zile barua zote zilizopita hapa barazani miaka yangu mitatu na wewe. Ile ya mlinzi. Ile ya mpishi. Ile ya yule mwanafunzi wa bweni. Zote zina neno hilo, na katika zote limeandikwa na mwenye muhuri kumhusu asiye na muhuri. Hata moja sijaona mfagiaji kamwandikia meneja kuwa meneja kamkosea heshima. Nikashtuka. Nikasema kumbe hili neno lina ujanja. Kwenye simu linapanda juu, kwenye karatasi linashuka chini tu, kama maji. Nikasema leo mie nalipandisha.

Nikakaa upande wako. Ndiyo, nilikaa. Nikachukua kalamu yako. Nikaandika kuwa waliomdharau mwenzao ni wao, kwamba mgeni wao kamwita mtu kwenye chakula kisha akamshitaki kwa kuitika, nikawauliza mama zao waliwafundisha nini. Disrespect nikaitia mara tano, naitupa kama mtu anayepopoa embe. Sharifa akaniuliza, "Umeandika nipunguziwe?" Nikamwambia, "Nimeandika wakuogope." Nikaipiga picha nikaituma hotelini kwa simu yake pale pale.

Haikulala.

Wewe barua yoyote, hata ya kuomba likizo, ulikuwa ukiilaza chini ya kamusi mpaka asubuhi. Mwenye barua akilalamika unamwambia, "Hasira ni kama tui, iache itulie, uone maji yako chini na mafuta yako juu." Mie nikiona ni uzee. Nikiona unaogopa.

Kesho yake Sharifa akaambiwa asirudi.

Uliporudi kutoka Chake ulishasikia. Hukunipigia kelele. Ningetaka unipigie. Ulikaa, ukaivua kofia, ukaiweka gotini, ukaniuliza, "Nani kakuambia Sharifa ana hasira?"

Sharifa hakuwa na hasira. Sharifa alikuwa na mama mgonjwa na hofu ya kukosa kazi.

Ukasema, "Kaja kutaka kazi yake, we ukamwandikia hasira yako ukatia jina lake." Kisha ukasema, "Nenda nyumbani. Nikikutaka nitakuita."

Hukuniita. Siku kumi na mbili. Ukipita msikitini nakupa shikamoo unaitikia marahaba, sawasawa kabisa, wala hukuikata, na marahaba ile ndo iliyonichoma. Ilikuwa marahaba ya kumpa mtu yeyote.

Siku ya kumi na tatu, ile Jumatano, Mama akanisukuma. "Mkubwa hangojwi, hufuatwa. Kaombe radhi."

Nikaja. Asubuhi, jua lishapanda, Shaame hajafungua duka. Mlango wako umerudishwa, haukufungwa. Kandambili zako mbili zipo kizingitini. Za Bi Mize sikuziona, lakini hilo nimelikumbuka baadaye, wakati ule sikulitazama. Kumbe Bi Mize alikuwa kenda kwa dada yake alfajiri.

Nikapiga hodi. Kimya.

Nikapiga ya pili. Nikasikia kitanda cha kamba kinalia. Nimesikia kwa masikio yangu, Mwalimu, hilo halina shaka. Mtu aliyekaa kitandani kageuka, au kanyanyuka, au kataka kunyanyuka.

Nikapiga ya tatu. Kimya.

Nikaondoka. Ndo adabu tuliyofundishwa, na wewe ulikuwa wa kwanza kuisema: hodi ni tatu, hujaitikiwa, rudi kwa heri, nyumba ya mtu ina siri yake. Huenda mkewe hajajisitiri. Huenda yuko kwenye swala. Huenda hakutaki, na kutokutaka kwake ni haki yake.

Adhuhuri bado hata haijaingia, kipaza sauti cha msikiti kikakutaja.

Sasa hebu nikuambie nilivyoishi na kitanda kile. Wiki ya kwanza nilisema ulikuwa unanisikia. Ulikuwa umelala umetazama dari, umenijua sauti, ukasema mwache asimame. Nikakukasirikia. Naam, maiti nikaikasirikia. Wiki ya pili nikasema hapana, ulikuwa unaniita, sauti haitoki, ukakitingisha kitanda ili nisikie, na mie nikasikia, nikenda zangu kwa adabu zote. Ile ikawa mbaya zaidi. Nikarudi kwenye ile ya kwanza, angalau ile unaweza kuichukia.

Nikaanza kulichunguza neno lile upya, kwa sababu nikikaa bure naona nitapata wazimu. Nikaandika yetu yote pembeni. Dharau. Utovu wa adabu. Ufidhuli. Ujuvi. Kuvunjia mtu heshima. Kiingereza kinayatia yote kapu moja kinafunga mdomo. Lakini yetu hayakai chumba kimoja. Utovu wa adabu uko mkononi na mdomoni, mtu anauona. Dharau iko moyoni. Mtoto anaweza kukupita mbele bila salamu na moyo wake mweupe. Na mtu anaweza kukuinamia, akakuita bwana, akakupisha njia, na ndani kakutia chini ya kiatu. Sharifa mkono wake ulikosea kwa desturi ya wale, wakauhukumu moyo wake. Ndo walichofanya. Nikafurahi kama nimegundua nyota, nikataka kukimbia kuja kukuambia, nikafika hapa barazani nikakumbuka.

Na hapo hapo nikajishuku mwenyewe. Mkono wangu ile Jumatano ulikuwa na adabu tupu. Na moyo?

Basi nikwambie nisilomwambia hata Mama. Zile hodi nilizipiga mbio. Baina ya moja na nyengine hakuna hata pumzi ya mtu mzima. Na ya tatu ilipokosa jibu mie nilipumua, nilifurahi. Nilisema nshakuja, hakuna wa kusema sikuja. Nilikuwa nataka niwe nimekuomba radhi bila ya kukuona uso.

Hiyo ndo disrespect, Mwalimu. Hata meneja asingeiona kuiandika.

Ijumaa iliyopita Bi Mize katoka eda. Jumamosi akamtuma mtoto kuniita. Nikasema huu ni mtego wa Shaame. Nikenda hivyo hivyo, nikasimama pale pale, nikapiga hodi moja, ikajibiwa kabla sijaimaliza. "Ingia, kwani we mgeni?" Shaame mwenyewe yupo ukumbini, kakaa kama shahidi. Bi Mize kapungua, lakini ulimi ule ule. Kaweka chai na mkate wa kumimina, akasema karibu. Nikasita. Akasema, "Kula, huku hakuna barua." Hata Shaame kacheka.

Nikamuuliza ile kauli mbele ya Shaame. Kweli ulisema kalamu nisiiguse?

Akasema, "Alisema. Alisema asiiguse mpaka ajue kulaza barua."

Nikamtazama Shaame. Shaame akatazama kikombe. "Mie nilifikisha la muhimu," akasema. Hakusema uongo, unaona? Alikata nusu tu. Kumbe mwanawe wa pili kamaliza skuli na anamtafutia pa kukaa, na baraza lako lina kivuli kizuri. Sijamgombeza. Nilimwambia tu mchele wake una mawe.

Kisha Bi Mize akatoa kamusi. Akasema hakuligusa tangu siku ile, lilikuwa pale pale juu ya meza ndogo, na chini yake kuna karatasi, na yeye Kiingereza hajui, akaona ikiwa ni siri basi ni ya kazi, imngoje wa kazi.

Barua. Mwandiko wako, juu umetia alama yako ya kuonyesha barua imelazwa, na siku: Jumanne. Siku moja kabla. Kwenda kwa hoteli, kwa niaba ya Sharifa.

Nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Lile neno halimo. Hata mara moja. Hukulikataa, hukulirudisha, umelipita kama mtu anayepita mbwa aliyelala. Umeeleza tu: kwetu mtu akitukaribisha chakula tunamuamini. Basi. Umesema yule binti alimuamini mgeni wenu. Nikakaa kitako. Mie nimetupa mawe matano, wewe umewawekea kioo.

Halafu chini umeandika kuwa barua iliyotangulia ilitoka barazani kwako, na makosa yake ni yako, aliiandika mwanao kwa haraka ya kumtetea mwenziwe.

Mwanao.

Sasa hapo nikaanza tena, unanijua. Nikasema Kiingereza ni rahisi, huko kila mtu ni mwana wa kila mtu. Nikasema kaandika hivyo kumlainisha meneja. Miaka mitatu hukuniita hivyo kwa Kiswahili hata siku moja. Nikamwambia Bi Mize. Akaniangalia kama naumwa. "Kwa Kiswahili alikuita nani?"

Nikasema, "Aliniita we."

"Na mie miaka thelathini kaniita we. Ulitaka akuite sultani?"

Nikamuuliza na kitanda. Nilikuwa sina haja ya kuuliza lakini neno lilishanitoka. Akavuta birika, akasema, "Kile kitanda kinalia hata paka akipanda." Akanimiminia chai nyengine. Paka nyumbani kwako hamna, Mwalimu, najua, na yeye anajua. Sikumkamata. Kuna neno mtu anakupa kama shuka, unajifunika, hulikagui nyuzi.

Barua yako nimempa Sharifa mkononi, si kwa simu. Nilimwambia ailaze kwao siku moja, akasema imelala miezi minne, italala tena kwani ina homa? Akaipeleka. Juzi kaniambia wamemrudisha, lakini chumba cha kufulia, nyuma, mbali na meza. "Huko hapana wa kunikaribisha," akasema. Anacheka. Mie sicheki, naona bado wanamuogopa, na mtu akikuogopa bila sababu kakudharau pia. Lakini mshahara wa dawa za mama upo, na alichokuja kutaka hapa siku ile ni hicho. Safari hii nimemuuliza kwanza kabla ya kukasirika.

Basi Mwalimu, mie nakuaga. Baraza nitakaa, upande wenye ufa, na mtoto wa Shaame akitaka kujifunza aje, atakaa katikati. Kalamu naiwacha mpaka nilaze barua ya kwanza, na ya kwanza ndo hii. Na jengine nakuahidi. Mlango wowote wa mtu mzima, nikipiga hodi tatu nisijibiwe, nitapiga ya nne, na nitasukuma. Waniite mjuvi, waniite sina adabu, waniandikie kwa Kiingereza wakipenda. Nitaingia na aibu yangu nimtazame usoni.

Naiweka chini ya kamusi.

Asubuhi. Nimeisoma tena. Nimefuta mstari mmoja tu, pale nilipoandika kuwa ulinisikia ukanyamaza makusudi. Nilikuwa nimeutia mara ya pili, kwa nguvu, kwa wino mwingi. Ule wa kwanza nimeuacha, kwa sababu ndo nilivyokuwa, na wewe ulisema barua ikioshwa sana haina mwenyewe.

Nakuja kaburini sasa hivi, jua halijawa kali. Nitakusalimia kama inavyotakiwa, nitakuombea, na nitasema pole pole, kwa pumzi baina ya moja na nyengine.

Hodi, Mwalimu.

Hodi.

Hodi.

Hodi.

Mwanao